‘Umeongezwa kwenye kundi’: Michango inavyowafika shingoni wakazi wa Dar

Na Mwandishi Wetu

Dar es Salaam. Orodha inaanza na namba moja, na namba moja siku zote ni mwenyekiti wa kamati. Kajiandikia Sh500,000, mbele yake tiki ya kijani. Anafuata Baba Neema, Sh100,000, “ahadi”. Mama Junior, Sh50,000, katanguliza Sh20,000. Shemeji wa Chamazi, Sh30,000. Fundi Gari wa Kwa Aziz Ali, Sh20,000, tiki.

Kisha, katikati ya watu uliosoma nao na wengine usiowajua kabisa, unakuta jina lako. Hujaliandika wewe. Mbele yake kuna nukta nukta zinazosubiri tarakimu.

Chini ya orodha, mweka hazina ameacha namba ya simu ya kutumia hela, jina litakalotokea na ukumbusho: “Wapendwa, siku zimekwisha. Ahadi ni deni.”

Orodha hii ni ya mfano, lakini msomaji wa Mwananyamala, Tandika au Bunju hahitaji kuelezwa. Anayo kwenye simu yake, pengine nne au tano. Ameongezwa usiku akiwa amelala, asubuhi anaamka tayari ni mjumbe wa harusi ya mtoto wa mtu aliyefanya naye kazi miaka kumi iliyopita.

Kujitoa nako kuna gharama yake. Simu inawatangazia viongozi wa kundi kwamba fulani katoka, na jioni shangazi anapiga kuuliza kulikoni.

Harusi peke yake ingekuwa na nafuu. Ndani ya simu hiyohiyo kuna kundi la mtaa linalotaka Sh2,000 kila kaya kwa ajili ya msiba, na kundi la wazazi linalojadili uji na mahafali ya darasa la saba. Jumuiya inakumbusha zege la kanisa, au msikiti unakumbusha kapeti na kisima.

Halafu inakuja picha ya mtoto amelala kitandani, mpira puani, na maneno “tafadhali ukiguswa, sambaza”.

Ukishuka barabarani nako hujapona. Pale Mbagala Rangi Tatu, kabla daladala haijajaa, anapanda mtu mwenye bahasha ya kaki. Ndani ana barua ya hospitali iliyokunjwa mpaka imeanza kuachana kwenye mikunjo. Anaanza kwa salamu ya Kiislamu, anaongeza ya Kikristo, anaeleza shida yake kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuieleza mara nyingi.

Abiria wanatazama dirishani. Wapo wanaotoa mia mbili, mia tano. Wengi wanatazama simu, na huko kwenye simu nako wanaombwa.

Daftari chini ya turubai

Si kwamba watu wa Dar wamekuwa na roho ngumu. Uhamiaji ulioujenga mji huu uliegemea michango. Aliyetoka Rufiji, Lindi, Moshi au Bukoba bila ukoo wa kumzika alijiunga na watu wa kwao, wakaanzisha chama cha kufa na kuzikana, na siku alipokufa mwili ulifika nyumbani.

Vyama hivyo vipo mpaka leo, na vingi vina katiba, ada, mwenyekiti na faini ya kutohudhuria mazishi.

Nenda kwenye msiba wowote Temeke uangalie utaratibu. Chini ya turubai kuna meza, juu yake daftari la kurasa za mistari, kalamu imefungwa kwa uzi. Mzee mmoja anaandika jina na kiasi. Anayetoa Sh1,000 anaandikwa, anayetoa Sh50,000 anaandikwa, na aliyeleta kilo tano za mchele anaandikwa pia.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu hulisahau wanapolinganisha msiba na michango mingine. Mazishi yakiisha, mtu anasimama na daftari lilelile, anasoma mbele ya wote. Tumepata kiasi hiki. Sanda au jeneza, kiasi hiki. Gari, kiasi hiki. Chakula, kiasi hiki. Kilichobaki kimekabidhiwa kwa wafiwa, na wafiwa wenyewe wapo pale wanasikia.

Hesabu hiyo inachukua dakika chache, tena wengi huwa wameanza kusogelea viatu vyao. Hata hivyo ndiyo inayowafanya watoe tena wiki ijayo bila kunung’unika.

> Msibani daftari husomwa mbele ya wote. Kwenye kundi la harusi, anayekaguliwa ni mtoaji peke yake.

Harusi ilipoazima utaratibu wa msiba

Shughuli za furaha ziliazima utaratibu huo, zikaacha nyuma sehemu ya kusoma hesabu.

Zamani jirani walikuja na mchele, kuni na mikono ya kupika. Leo kuna kamati yenye mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe wa kamati ndogo za chakula, vinywaji, mapambo na usafiri. Kuna vikao vya kila Jumapili jioni, mara nyingi kwenye baa au bustani ya vinywaji, ambapo mjumbe anajilipia soda yake na bado anaulizwa ahadi yake imefika wapi.

Tena harusi yenyewe imezaa. Kuna kitchen party, kuna sendoff, kuna begi pati, na mimba ikishika kuna shughuli ya kumsubiri mtoto. Kila moja ina kadi yake, sare yake na kundi lake.

Kadi nayo imekuja na bei. Maneno ni ya upole, “tunaomba mchango wako wa hali na mali”, lakini pembeni kuna kima: singo Sh50,000, dabo Sh100,000. Kwenye kumbi za Kinondoni zenye viyoyozi kima hicho kinapanda zaidi.

Tuipime kwa mshahara. Kuanzia Julai 2025, kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000 kwa mwezi. Dabo moja ni sehemu ya tano ya mshahara huo kabla ya makato. Na huyo ni mwenye mshahara. Muuza mitumba wa Tandika, dereva wa bodaboda wa Yombo Vituka na mama lishe wa Charambe wanahesabu kipato chao kwa siku, na kadi haiulizi leo umeuza nini.

Simu imeongeza kasi. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, hela ilianza kusafiri bila mtu kutoka nyumbani. Kabla ya hapo, mwenye kadi alilazimika kukufuata, na foleni ya kutoka Mbweni hadi Mbagala ilikuwa kinga yako. Mwaka 2022 WhatsApp ikapanua makundi kutoka watu 256 hadi 512, kisha 1,024. Ukumbi wa watu mia tatu unaweza kuchangiwa na watu elfu moja, na mia saba kati yao hawataonja pilau.

Serikali nayo ilionja. Tozo ya miamala ya simu iliyoanza Julai 2021 ilikata hata ile Sh10,000 ya rambirambi. Kelele zilipozidi ikapunguzwa Septemba mwaka huohuo, ikapunguzwa tena 2022, na 2023 tozo ya kutuma kwa simu ikaondolewa. Kwa miaka ile miwili, mfiwa na Hazina walichangiwa kwa muamala mmoja.

Wenye kamati wana hoja zao

Wanakamati wanapolaumiwa hawakai kimya, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wanasema kwanza kwamba orodha inawekwa hadharani kwa sababu bila orodha hakuna anayelipa. Mtu aliyeahidi Sh50,000 mwezi Machi, mwezi Juni hapokei simu, na mwenye ukumbi hasubiri. Mweka hazina ndiye anayekopa ili sherehe isiaibike.

Pili, wanasema huu ni mzunguko. Uliyemchangia jana atakuchangia kesho. Kwenye familia nyingi yapo madaftari ya miaka ishirini, na kabla ya kuandika ahadi kwa mtoto wa jirani, mama mwenye nyumba hulifungua kuangalia jirani huyo alitoa nini siku yake. Kwa mtu asiyekopesheka benki, daftari hilo ni akiba.

Hoja hii ya pili ni nzito, na mwandishi anaikubali kwa kiasi fulani. Mzunguko unafanya kazi pale watu wanapofahamiana na wanapobaki mahali pamoja. Katika mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 5,383,728, ambako mpangaji wa Kijichi leo anaweza kuwa Goba mwakani, nani atamkumbuka nani? Asiye na mtoto wa kuozesha atarudishiwa lini? Na yule aliyeongezwa kwenye kundi kwa sababu tu namba yake ilikuwa kwenye simu ya bibi harusi, yumo kwenye mzunguko gani?

Kisha kuna methali. “Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri” imekuwa silaha ya watu wa kamati. Hupachikwa juu ya kundi, huchapwa chini ya kadi. Ilikusudiwa kumsifu maskini aliyetoa kidogo. Siku hizi inatumika kumsuta asiyetoa kiwango.

Dini zenyewe zilikuwa na kiasi. Zaka ya Kiislamu ni asilimia 2.5, na haimgusi ambaye mali yake haijafikia nisabu, inayokadiriwa kwa thamani ya gramu 85 za dhahabu. Zaidi ya hapo ni sadaka, na sadaka ni hiari. Kanisani fungu la kumi linahesabiwa kwenye ulichopata. Kadi ya harusi haina nisabu.

Ombi lisilokataliwa

Uchovu huu una mtu anayeumia kuliko wote, naye si mtoaji. Ni mgonjwa.

Ujumbe wa matibabu unafika ukiwa wa tano au wa sita kwa siku. Kidole kimeshachoka. Mtu aliyetoa Sh50,000 kwa ajili ya maua ya mezani anabakiwa na Sh2,000 za mtoto anayehitaji upasuaji, na anazituma akiwa na aibu, au hatumi kabisa akijiambia wengine watatuma.

Nje ya hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala na Temeke, na zaidi pale Muhimbili, utawakuta ndugu wamekaa kwenye kivuli na simu mikononi. Wengi wanachangisha. Dawa haipo dirishani, kipimo kinalipiwa, mgonjwa hatolewi mpaka bili ikamilike. Kundi la familia ndilo bima yao.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ikilenga kila mkazi awe na bima. Mwaka huohuo, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha kumsajili mtoto mmoja mmoja kwa Toto Afya Kadi, iliyokuwa ikilipiwa Sh50,400 kwa mwaka, ukieleza kuwa wazazi walisajili zaidi watoto waliokwisha kuugua na matumizi yakapita makusanyo. Kwa mhasibu maelezo hayo yanaeleweka. Kwa mama wa Tandale, maana yake ilikuwa kufungua kundi jipya la WhatsApp.

> Kadi ya mtoto ya mwaka mzima ilikuwa Sh50,400. Singo ya harusi ni Sh50,000.

Hapo ndipo hasira ya mwandishi ilipo. Ombi la matibabu lina haki kuliko yote, lakini linapanga foleni nyuma ya kitchen party.

Na matapeli wamelijua hilo. Picha ya mgonjwa huchukuliwa, namba ikabadilishwa, ujumbe ukasambazwa upya na watu wema wasioangalia. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15040 ya kupeleka taarifa za utapeli wa simu, na *106# ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Hata hivyo mtu aliyetapeliwa Sh5,000 haendi polisi. Anachofanya ni kuacha kuamini picha inayofuata, hata ikiwa ya kweli.

Shule ‘bila malipo’

Kwenye shule, mkono wa serikali uliingia mapema zaidi. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 kwa shule za msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na sita. Michango ikabadili majina: mlinzi, uji, mitihani ya majaribio, karatasi, masomo ya ziada.

Januari 2018 Rais John Magufuli alikuja juu, akapiga marufuku michango mashuleni na kutaka walimu wasiikusanye. Mzazi mwenye nia ya kuchangia apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kwa muda kukawa kimya.

Walimu wakuu nao wana la kusema. Fedha ya ruzuku haitoshi kulipa mlinzi, na mtoto aliyetoka nyumbani saa 11 alfajiri hawezi kukaa mpaka saa 9 alasiri bila kitu tumboni. Wazazi wengi wa Temeke wanalijua hilo na hutoa bila kusukumwa pale kamati ya shule inapobandika ukutani idadi ya kilo za unga zilizonunuliwa. Panapotokea ugomvi, mara nyingi chanzo ni karatasi hiyo kutobandikwa.

Kagera na Hanang

Kwa michango mikubwa ya kitaifa, tuna mifano miwili ya kuweka pamoja.

Septemba 10, 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Dar es Salaam ilichanga: kampuni, mabalozi, makanisa, misikiti, wasanii, watu wa kawaida kwa simu. Kabla mwezi haujaisha, Rais Magufuli alitengua uteuzi wa vigogo wawili wa mkoa na manispaa kwa madai ya kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Baadaye Serikali ikasema fedha zitakwenda kwenye miundombinu ya umma kama shule na vituo vya afya, na kila mwananchi ajenge nyumba yake.

Huenda uamuzi huo ulikuwa na mantiki ya kibajeti. Lakini aliyetuma Sh5,000 kutoka Mtoni akimfikiria bibi aliyelala nje, hakuwa ametuma kwa ajili ya darasa. Hakuulizwa, na watu wa Bukoba walilalamika wazi.

Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliifunika Katesh. Watu wakachanga tena, kwa tahadhari. Safari hii Serikali na wadau, Msalaba Mwekundu wakiwamo, walijenga nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya walioathirika, na mwaka mmoja baadaye zilikuwa zimesimama, zinapigwa picha. Mchangiaji wa Dar alizionyesha kwa watoto wake kwenye taarifa ya habari.

Upo mfano wa tatu, mdogo, ambao watu wa mjini bado wanausimulia. Novemba 2015 zilichangwa zaidi ya Sh200 milioni kwa ajili ya hafla ya wabunge wapya. Rais Magufuli akaamuru sehemu kubwa inunue vitanda vya Muhimbili, na vikanunuliwa 300. Mtu alikuwa na haki ya kuupenda au kutoupenda utawala ule, lakini vitanda vilihesabika.

Wakenya, walioanza harambee tangu siku za Jomo Kenyatta, walifika mbali zaidi kwa uchovu. Huko harambee ilikuwa jukwaa la wanasiasa kumwaga mabunda ya noti kanisani, na vijana walioandamana mwaka 2024 waliihesabu miongoni mwa maudhi yao. Julai mwaka huo Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku watumishi wa umma na maofisa wa Serikali kushiriki harambee. Marufuku ya namna hiyo haifai kwa shangazi wa Chamazi mwenye kadi ishirini kwenye mkoba; hakuna sheria inayoweza kumzuia, wala isitungwe.

Watu wanajipangia

Wananchi wenyewe wameanza kuweka mipaka. Wapo wenye bajeti ya michango ya mwaka: imekwisha, imekwisha, na wanasema hivyo kwenye kundi bila kuomba radhi. Wapo wanaotoa kwa msiba na ugonjwa tu, harusi wanapeleka zawadi ya doti ya khanga au sufuria. Vikundi vingine vimehamia kwenye akaunti za pamoja za simu kama M-Koba, ambako kila mwanachama anaona ujumbe hela inapoingia na inapotoka, na mweka hazina hawezi kutoa peke yake.

Wapo pia maharusi wanaokwenda kwa msajili wa ndoa wilayani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai notisi ya siku 21 na mashahidi wasiopungua wawili. Haidai ukumbi, wala mshereheshaji. Wazazi hukasirika, hasa waliowachangia wengine kwa miaka mingi na waliokuwa wakisubiri zamu yao. Hasira hiyo nayo ina haki: kijana anapojitoa kwenye mzunguko, anafuta deni ambalo mama yake alikuwa akilidai.

Kwa kamati zinazoendelea, marekebisho hayahitaji semina. Mwanakamati asimwandike mtu asiyemuuliza. Kiwango kiondolewe kwenye kadi. Na hesabu ipelekwe kwenye kundi lilelile lililokusanyia hela, kwa urefu uleule wa orodha ya wadaiwa.

Hilo la mwisho ndilo linalopigiwa chenga zaidi. Kamati nyingi za Dar zinacho kikao cha kusoma mapato na matumizi, kinaitwa kuvunja kamati. Hufanyika wiki moja au mbili baada ya harusi, maharusi wakiwa wamerudi kutoka fungate. Wanaalikwa wajumbe tu. Hesabu husomwa haraka kabla nyama haijapoa, na kilichobaki kwenye michango hunyweka palepale.